Chupa ya Masizi Iliyorudi Imejaa

Tangu nirudi, kila anayeingia studioni kwangu anaiona chupa ile kwenye rafu na kuuliza jambo lilelile: kama nilikwenda hadi Mutwanga kupeleka dawa nyeusi, mbona dawa imerudi nzima? Nimekuwa nikijibu kwa vipande. Huyu nilimpa mwanzo, yule mwisho, na sasa nasikia mjini habari za safari yangu ambazo mimi mwenyewe sizitambui. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kwa kufuata njia. Mambo ya ruhusa na karatasi nayaruka. Kila mtu wa hapa anayajua.

Butembo: ujumbe

Vita hivi vya pili vya Kongo vilipofunga barabara, filamu na karatasi za picha ziliacha kufika. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokiokota miaka mingi nyuma kati ya masanduku ya shule ya misioni kule Lubero. Kinaeleza jinsi watu wa karne ya kumi na tisa walivyopiga picha za nyuso juu ya kioo. Nilikuwa nimekisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, bila kujua kitanifaa nini. Vita vikanijibu. Kolodioni, ule ute ambao waganga hupaka juu ya kidonda, niliupata famasi. Chumvi ya fedha ilikuwa ileile ya matone ya macho ya watoto wachanga. Chumvi ya chuma ni ya watu waliopungukiwa damu. Vioo havikuwa shida. Madirisha mengi yalikuwa yamevunjika.

Kazi yenyewe ni hivi. Kioo hupakwa kolodioni, huzamishwa katika maji ya fedha gizani, kisha huingizwa katika kamera kikiwa bado kimelowa. Kikikauka, kimekufa. Anayepigwa picha hukaa, kichwa kimeegemea mti nyuma ya shingo, nami nahesabu polepole hadi kumi na mbili. Halafu narudi katika chumba cheusi, penye taa nyekundu, na kumwaga maji ya chuma. Uso unatokea kama mtu anayekuja kwenye ukungu wa asubuhi. Mwanzoni ni maziwa tu. Katika beseni la mwisho maziwa yanaondoka taratibu, na mtu anabaki.

Lakini uso huo ni unga wa fedha, rangi ya majivu, juu ya kioo kinachopitisha mwanga. Ukiuinua kuelekea mwanga, unaona kivuli kisichoeleweka. Ndiyo maana naupaka nyuma rangi nyeusi ya masizi, lami na utomvu wa mti. Penye weusi nyuma, majivu yanakuwa nuru. Tena picha ya namna hii haina nakala. Ni moja, ileile iliyokaa mbele ya mtu.

Mwalimu Kabeya alikuwa mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali kufundisha Mutwanga, akaoa huko. Alipokuja Butembo kwa mkutano wa walimu, alikaa mbele ya kamera yangu bila kupepesa jicho. Alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia. Kwenye kioo kovu lilionekana kushoto, kwa sababu kioo hiki hugeuza mtu kama kile cha kujitazamia. Alicheka. “Papa Foto, kumbe umenipatia pacha. Sasa bibi yangu atalala na nani?”

Baada ya miezi michache alikufa kwa homa, wakati dawa hazipiti njiani. Kasai ni mbali na barabara zilikuwa zimekatika. Ndugu zake hawakuweza hata kuja kuzika. Picha nyingine hakuwa nayo.

Kisha Kambale, dereva wa pikapu inayokwenda upande wa Mutwanga, akaniletea neno la mjane wake, Mama Masika.

“Anasema uso ya bwana yake ilienda. Kulibakia moshi tu.”

“Ilienda namna gani?”

“Mi sikuona, Papa. Minaleta tu kama vile nilipewa.”

Nilikaa chini nikaandika njia tatu ambazo picha ya kioo hufa kwazo. Ya kwanza: beseni la mwisho lilikuwa dhaifu, fedha haikusafishwa yote, na mwanga unaila picha polepole. Ya pili: unyevu umeingia chini ya kolodioni, na ngozi inabanduka. Hizi mbili hazina dawa. Ya tatu: rangi nyeusi ya nyuma imepasuka na kudondoka. Hiyo inatibika kwa chupa moja.

Nilifungua daftari langu la kazi. Juma lile la Mwalimu Kabeya nilikuwa nimebakiwa na maji machache ya beseni la mwisho, nikayatumia mara tatu. Nililijua hilo kabla ya kufungua daftari. Nilichukua chupa, nikaongeza kioo kidogo chenye picha ya uso wangu mwenyewe, kisichopakwa nyuma, ili nijaribie rangi nikifika.

Butembo hadi Beni

Tuliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kati ya mikalitusi. Nilikaa juu ya magunia ya viazi pamoja na wanawake wanne wa sokoni na jogoo mmoja. Wasukuma-chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, walishuka mlima upande wetu, wamesimama juu ya mbao zao, wakitokea weupe na kupotea weupe. Sanduku langu nililiweka mapajani. Kila pikapu iliporuka shimo, niliisikia chupa ikigonga mbao, nami nikamwona Mwalimu amekaa bila kupepesa.

Kwenye kizuizi cha pili barabarani, bariyeri kama tunavyoita, askari mmoja mrefu aliniteremsha.

“Papa, fungola. Iko nini ndani?”

Nikafungua. Akatoa kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

“Iyi ni pombe ya wapi?”

“Hapana pombe, chef. Ni rangi ya picha. Kuna mama, picha ya bwana yake imepotea uso. Naenda kuangalia kama naweza kuurudisha.”

“Onja, nione.”

“Chef, usimulazimishe,” alisema mmoja wa wanawake kutoka juu ya magunia. “Akionja, meno itabakia nyeusi mpaka Pasaka, na tayari hana mwanamuke.”

Wanawake wakacheka. Sikuwa nimemwambia kwamba sina mke. Inaonekana hujulikana bila kusemwa. Askari hakucheka. Alikichukua kile kioo kidogo, akakiinua mbele ya mbingu, na uso wake ukabadilika.

“Huyu ni nani? Nywele nyeupe, uso nyeusi. Huyu mutu hapana muzuri.”

“Ni mimi. Kiweke juu ya kiatu chako.”

Akainama, akakilaza kioo juu ya kiatu chake cheusi. Nikamwona ananiona. Aliangalia kiatu, akaniangalia mimi, akaangalia kiatu tena. Akawaita wenzake. Tulikaa pale muda mrefu, askari watano wakiniweka na kuniondoa juu ya viatu vyao, mimi nikitokea na kupotea, na Kambale akipuliza honi bila matumaini. Mwisho yule mrefu alinirudishia kioo kwa mikono miwili.

“Ukirudia, pita hapa. Utaniambia kama ulimurudisha ule bwana.”

Beni: siku tatu

Pikapu ilikatika springi Beni, na springi ilipaswa kutafutwa. Nililala kwa Mama Kahindo, mama wa kanisa anayekaribisha wasafiri, katika nyumba ya mbao yenye ua uliofagiwa kila alfajiri. Alinipa fufu, ugali wa muhogo, na mboga za lengalenga, akakaa mbele yangu kuhakikisha kwamba nakula.

“Unaendaka kufanya nini kule chini, Papa?”

Nilikuwa nimechoka na nikajibu kwa ufupi, jambo ambalo si kawaida yangu. “Naenda kumrudisha bwana ya mama mmoja. Alikufa mwaka jana.”

Akaniongezea fufu bila kuuliza.

Asubuhi iliyofuata niliwakuta wanawake watatu wamekaa kwenye benchi la uani, wamevaa vitenge vya ibada. Mama Kahindo alikuja na maji ya kunawa, akasema kwa sauti ya chini, “Pasteur, banakungojea.”

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimefanywa mchungaji wa kufufua wafu, na muda mrefu zaidi kueleza. Nilitoa kioo changu, nikakilaza juu ya kanga nyeusi ya mmoja wao, nikawaonyesha. Nikaeleza fedha, masizi, mwanga. Walisikiliza vizuri, kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dhehebu jingine. Wawili waliniaga na kuondoka. Wa tatu, mtu mzima mwenye mikono ya shambani, alibaki.

“Basi ni lazima mutu akuwe alipigwaka picha mbele ya kufa.”

“Ndiyo, mama.”

“Na kama hakupigwaka?”

Nikamwambia kwamba kwa hilo sina dawa.

“Haiko mubaya,” alisema, akisimama na kujikunguta vumbi. “Nilikuwa nauliza tu. Wasingya.” Ndiyo asante ya Kinande. Akashika njia yake.

Siku mbili zilizobaki nilikaa kwenye benchi lile. Sikuwa na kazi, na mtu aliyezoea kazi akikosa kazi huanza kuona. Jua lilipita juu ya ua kama mwanga unaopita juu ya kioo. Kuku alitoka kivulini akawa mweupe, akarudi kivulini akawa kitu kisicho na jina. Niliwaza nyuso zote zilizopita mbele ya kamera yangu tangu vita vianze, zimetawanyika sasa, Kasugho, Oicha, kambini, na nyuma ya kila moja tabaka jembamba la masizi niliyokoroga kwa mkono wangu. Kama Mwalimu Kabeya ameanza kufifia kwa sababu ya maji yangu yaliyochoka, basi wote wa juma lile wanafifia, mmoja mmoja, katika nyumba nisizozijua.

Kushuka Semuliki

Springi ilipatikana. Kutoka Beni barabara inashuka hadi joto linakugusa usoni kama mkono. Kwenye bonde la Semuliki nyasi ni ndefu na hakuna mtu. Abiria wote huacha kuzungumza bila kuambiwa. Mtoni tulisimama. Upande wa pili lori lilikuwa limelala ubavu, na samaki wa chumvi wamemwagika njiani. Tulingoja jua lipite kichwani. Mwanamke mmoja alichoma makayabu yaliyookolewa, akatugawia juu ya majani, sisi na wenye lori na askari wa daraja. Sijakula samaki mtamu kama yule, na hakukuwa na chochote kingine cha kula naye.

Ndipo Ruwenzori ikatokea. Mawingu yalikuwa yamekaa pale tangu asubuhi, meupe kama maziwa ya beseni. Yakaanza kukonda, na ndani yake kukawa na kitu kigumu zaidi kuliko wingu, kisha ukingo, kisha theluji. Nilijikuta nahesabu. Nilipofika thelathini na kitu, mlima ulianza kurudi ulikotoka.

“Kila siku inafanya vile,” alisema Kambale, akichokoa meno. “Inajionyesha kidogo, inajificha. Kama mudeni.”

Njia panda ya Mutwanga nilipanda pikipiki, sanduku likiwa kati yangu na dereva.

Mutwanga

Mama Masika alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mwembamba, mnyoofu, anayefundisha wanawake kushona kanisani. Binti yake Masika, wa miaka sita, alisimama nyuma yake ameshika sketi.

“Karibu, Papa Foto. Pole na njia. Kwanza utakula.”

Nikasema ningependa kuona kioo kwanza.

“Kioo haina miguu. Utakula.”

Nikala. Fufu, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha samaki ambacho nadhani kilikuwa chao cha jioni. Sikumbuki ladha yake. Yeye aliongea akitazama mlango.

“Nitakuambia kitu, Papa. Hata mbele ya uso kuenda, ile picha ilikuwa inanisumbua. Nilikuwa naangalia ile kovu. Kwa picha iko huku.” Akagusa nyusi yake ya kushoto. “Mi nilijua ilikuwa huku. Kisha siku moja najiuliza, ilikuwa huku kweli? Nauliza banyumba ya jirani, kila mutu anasema yake. Naona naanza kumusahau. Nashika picha, namusahau zaidi. Sasa hata picha imeenda. Huyu mutoto hana kitu.”

Nilinawa mikono. Akaleta kitu kilichofungwa kwa kitenge, akakifungua mapajani mwangu.

Nilikipeleka dirishani. Kulikuwa na moshi kweli: kivuli cha mabega, duara la kichwa. Nikaanza kwa ile njia ya kwanza. Nilitafuta madoa ya kahawia ambayo maji dhaifu huacha, kona kwa kona. Hayakuwapo. Nilitafuta mahali ngozi ilipobanduka. Ilikuwa nzima, imelala vizuri kama siku ile. Kisha nikakigeuza. Nyuma hapakuwa na rangi iliyopasuka. Hapakuwa na rangi kabisa. Kioo kilikuwa safi kuliko siku nilipokiokota.

“Mama, huku nyuma kulikuwa rangi nyeusi.”

“Ile uchafu? Niliitosha, niliipanguza yote.”

“Uliitosha?”

“Tulipomaliza matanga, bamama ya kanisa balikuya, tukasafisha nyumba yote. Sahani, viti, madirisha, kila kitu. Nageuza picha, naona nyuma iko masizi kama sufuria ya kijijini. Mwalimu alikuwa mutu safi. Batu bako banaingia. Nitamuachaje na masizi mu mugongo?”

“Lakini ile haitoki kwa sabuni.”

“Hapana kwa sabuni. Nilitumia mafuta ya taa na muchanga ya muto. Siku mbili.” Alisema bila kujisifu. “Nilipomaliza nikamugeuza, niko namutafuta. Hayuko.”

Njia tatu nilizoandika, na hii haikuwamo. Mimi huwaza juu ya mwanga, unyevu, chumvi. Sikuwaza juu ya mjane anayemsugua mumewe mgongo siku mbili.

Halafu kitu kingine kikanijia. Kitabu changu kinashauri masizi yapakwe upande wenye picha, ili mtu atazamwe kupitia kioo na asigeuzwe. Mimi niliogopa lami isije ikala kolodioni, nikapaka upande wa pili, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiona aibu kidogo kila mtu anapocheka kovu au kifungo kilichohama. Ningalifuata kitabu, Mama Masika angalimsugua Mwalimu mwenyewe kwa mchanga wa mto, hadi aishe.

“Mbele hukuosha?” nikauliza, ingawa nilikuwa naona jibu.

“Mbele kulikuwa uso,” alisema. “Uso ya mutu unaipanguzaje na mafuta ya taa?”

Juu ya meza kulikuwa na Biblia ya Mwalimu, kubwa, ya jalada jeusi. Nikakilaza kioo juu yake. Mwalimu Kabeya akatoka kwenye moshi: kola, mdomo uliokuwa karibu kucheka, macho yasiyopepesa, kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Mama Masika aliweka mkono mdomoni. Kisha, kwa sauti kavu kidogo, “Ni yeye. Na bado ni ile pacha alisemaka.”

Nilikuwa tayari nimefungua sanduku na kushika chupa. Mkono ukasimama. Niliirudisha chupa. Nikakiinua kioo, Mwalimu akapotea. Nikakigeuza, upande wa fedha chini, upande uliosuguliwa kwa mchanga wa mto juu, nikakilaza tena polepole juu ya jalada.

Akarudi. Kovu lilikuwa upande wa pili.

Mama Masika aliinama hadi pumzi yake ikaacha ukungu mdogo juu ya kioo. Akainua kidole, akakipeleka juu ya uso ule bila kuugusa, hadi kwenye nyusi ya kulia, kikasimama pale kama kidole kinachofahamu njia.

“Sasa huyu,” alisema. “Huyu njo yeye.”

Masika alitoka nyuma ya sketi, akajiinua kwa vidole vya miguu. Alitazama bila haraka.

“Papa alikuwa mule ndani?” aliuliza.

“Alikuwa mule. Mi njo nilikuwa namuangalia vibaya.”

Nilimweleza Mama Masika kwamba sasa nitapaka rangi upande wa fedha, kwa uangalifu, na Mwalimu atabaki hivyohivyo, kovu mahali pake, bila kuhitaji Biblia. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Akakiinua kioo: moshi. Akakilaza: mume wake. Akakiinua tena.

“Hapana, Papa. Usimupake tena masizi. Nimekwisha kumuosha.”

Nilijaribu kueleza hatari ya mikwaruzo. Akachukua kipande cha hariri nyeusi kutoka kwenye kikapu chake cha ushonaji, akakipima kwa macho, akaanza kukikunja pembe ili kikae kati ya kioo na jalada. Sindano ilikwenda bila kelele. Nami nikafunga sanduku, kwa kuwa mshono wake ulikuwa mnyoofu kuliko kazi nyingi zangu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi. Semuliki tulivuka bila kusimama, na mlima haukujionyesha. Beni nilimwachia Mama Kahindo papai kutoka Mutwanga. Bado aliniita Pasteur, safari hii kwa kucheka kidogo.

Kwenye bariyeri yule askari mrefu alinitambua kutoka mbali. Alikuja upande wangu wa pikapu, bila bunduki, mikono nyuma.

“Papa. Ule bwana, ulimurudisha?”

“Hapana, chef. Nilikuta yuko.”

Alifungua sanduku mwenyewe, akaitoa chupa, akaitikisa karibu na sikio. Ilikuwa nzito, imejaa hadi shingoni. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayeangalia mtu aliyemdanganya na bado hajui kwa lipi. Kisha akakikaza kizibo, akairudisha chupa mahali pake, na akainua mti wa bariyeri kwa mkono wake mwenyewe.